MCHUNGAJI ALIYEONDOLEWA NA KUNDI LAKE

Dominika ya tarehe 1 Julai 1750, katika mji mdogo wa Northampton, koloni la Massachusetts, Amerika ya Kaskazini, mchungaji mmoja wa Kiprotestanti alipanda mimbari kuwaaga watu ambao siku tisa kabla walikuwa wamemwondoa katika kazi yake. Alikuwa na umri wa miaka 46. Kwa muda wa miaka 23 alikuwa amewahubiria watu wale wale, amewabatiza watoto wao, amewazika wazee wao. Nyumbani alikuwa na mke na watoto kumi, na aliye mdogo kuliko wote hakuwa ametimiza hata miezi mitatu. Jina lake lilikuwa Jonathan Edwards, na wataalamu wengi humhesabu kuwa mwanateolojia mkubwa kuliko wote waliotokea katika makoloni yale.

Huenda msomaji akauliza: gazeti la Wakatoliki lina haja gani ya kufukua magomvi ya kale ya Waprotestanti? Je, twataka kuwacheka ndugu zetu waliotengana nasi? La hasha. Tuliposoma historia ya Kanisa katika Seminari Kuu habari hii tuliipita kwa mistari miwili mitatu. Baadaye tuliisoma kwa nafasi, na tangu hapo haijatutoka moyoni. Yaeleza jinsi mchungaji na kundi waliopendana walivyoachana, kila upande ukiwa na hakika kwamba unalinda mambo ya Mungu. Tena kiini cha ugomvi wao kilikuwa swali ambalo sisi nasi hatuwezi kulikwepa: nani astahili kuikaribia meza ya Bwana?

Kwanza yafaa tufahamu jinsi makanisa yale yalivyoongozwa. Wakristo wa Massachusetts walikuwa wazao wa Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliovuka bahari katika karne ya 17 ili waishi kwa kufuata Neno la Mungu kama walivyolifahamu wao. Askofu hawakuwa naye. Kila kanisa la mahali lilijitawala lenyewe. Wanaume walioandikwa kuwa washiriki kamili ndio waliomchagua mchungaji, na mji ndio uliomlipa mshahara wake kwa kodi. Aliyewekwa kwa kura aliweza kuondolewa kwa kura. Kwetu sisi, padre akikosana na parokia yake, yuko Askofu wa kuwasikiliza wote, naye aweza kumhamisha padre kimyakimya bila upande wowote kujigamba kwamba umeshinda. (Hatusemi kwamba jambo hilo laondoa uchungu, tumekwisha kuona parokia ambazo uchungu ulibaki hata baada ya padre kwenda zake.) Edwards hakuwa na mlango wa namna hiyo. Aliishi katikati ya watu ambao walikuwa kondoo wake, majirani zake, walipa mshahara wake na waamuzi wake pia.

Wapuritani wa kwanza walimtaka kila mwenye kuomba kushiriki Chakula cha Bwana aeleze jinsi neema ya Mungu ilivyougeuza moyo wake. Wazee walioacha nchi yao kwa ajili ya dini hawakukosa la kueleza. Watoto na wajukuu wao lakini, waliozaliwa katika dini na kulelewa humo, wengi hawakuwa na habari ya namna hiyo. Walikuwa watu wema, walisali, walilipa madeni yao. Ila siku na saa ya kuongoka kwao hawakuijua. Mwaka 1662 mkutano wa makanisa ya Massachusetts ukakubali kwamba watu hao waweza kuwaleta watoto wao kubatizwa, ingawa wao wenyewe hawaikaribii meza.

Huko Northampton mchungaji Solomon Stoddard alizidi hapo. Aliufungua mlango. Kila mtu aliyeisadiki imani na kuishi pasipo kashfa alialikwa mezani, hata kama hakuwa na hakika ya kuongoka kwake, maana Stoddard alifundisha kwamba Chakula cha Bwana chenyewe chaweza kuwa njia ya kuugeuza moyo. Mzee huyo aliliongoza kanisa lile karibu miaka 60, na neno lake lilikuwa na nguvu hata watu wakampa jina la utani, wakamwita Papa wa bonde la mto Connecticut. Wasomaji wetu watatabasamu, maana Wapuritani hawakuwa na jina kali kuliko hilo.

Edwards alikuwa mjukuu wa Stoddard kwa upande wa mama yake. Mwezi wa Februari 1727 aliwekwa kuwa msaidizi wa babu yake, na miaka miwili baadaye mzee akafa. Kijana wa miaka 25 akaachiwa kundi lililozoea sauti ya mzee kwa vizazi viwili. Akaifuata desturi ya babu kama alivyoikuta, ingawa moyoni hakuwa na utulivu. Neno hilo tutalirudia.

Alikuwa mtu wa namna gani? Samuel Hopkins, aliyewahi kukaa nyumbani mwake kama mwanafunzi na baadaye akaandika habari za maisha yake, asema kwamba Edwards alikaa na vitabu vyake saa 13 kila siku. Alikuwa mwembamba, si mwenye afya nyingi, wala si msemaji katika mazungumzo. Nyumba za watu hakuzitembelea ila alipoitwa kwa mgonjwa au kwa mwenye shida. Aliona kwamba Mungu hakumpa kipaji cha mazungumzo ya barazani, na kwamba atawafaa watu zaidi akiwa chumbani na kalamu yake. Mwenye kusumbuka rohoni aliweza kumwendea, naye alimpokea kwa upole. Lakini si kila mtu huthubutu kubisha mlango wa mwenye elimu.

Kuanzia mwisho wa mwaka 1734 hadi katikati ya 1735 mji ule ulijaliwa uamsho mkubwa. Watu waliacha magomvi na ulevi, vijana walikusanyika kusali, na katika mji wa familia 200 hivi Edwards alihesabu watu zaidi ya 300 walioonekana kuongoka katika muda wa nusu mwaka. Kitabu alichoandika juu ya habari hizo kilichapwa London mwaka 1737, na jina la Northampton likajulikana ng'ambo ya bahari. Uamsho wa pili ukaenea katika makoloni miaka ya 1740 hadi 1742.

Lakini ndani ya furaha ya 1735 ulitokea msiba mmoja. Joseph Hawley, mfanyabiashara, mume wa mama mdogo wa Edwards, aliingiwa na hofu juu ya roho yake hata akakosa usingizi na akili ikamsumbuka. Tarehe 1 Juni 1735 alijiua. Aliacha mwana mvulana, jina lake Joseph pia. Twaomba msomaji alishike jina hilo.

Watu walioamshwa namna ile hawakukaa macho siku zote. Mwaka 1737 walijenga nyumba mpya ya ibada, na katika kugawa viti wakaangalia kwanza mali, kisha umri. Mshahara ukaleta manung'uniko. Fedha za karatasi za koloni zilizidi kupungua thamani, familia ya mchungaji ilizidi kuongezeka, naye aliomba apangiwe kiasi cha hakika. Wengine wakanong'ona kwamba nyumba yake hutumia kupita kiasi.

Kuna jambo moja hapa tusiloweza kuliruka, sisi tulio Waafrika. Mwaka 1731 Edwards alisafiri mpaka Newport, akanunua msichana Mwafrika wa miaka 14, aliyeitwa Venus, kwa pauni 80. Hati ya kununuliwa kwake ipo hata leo, na nyuma yake mchungaji aliandika maneno ya mahubiri, maana karatasi ilikuwa ghali. Wakati wa uamsho alifurahi kuona Waafrika watumwa wa mji ule wakiongoka, akawapokea katika kanisa. Lakini kuwafungua hakukumjia moyoni. Mwanawe na mwanafunzi wake Hopkins ndio waliokuja baadaye kuipinga biashara ya watumwa kwa maandiko yao. Mtu aweza kuona mbali katika jambo moja na kuwa kipofu katika jambo lililo mezani pake, analoletewa pamoja na chai.

Sasa tufike kwenye mwaka 1744, mwaka ambao, kwa maoni yetu, Edwards aliwapoteza watu wake, ijapokuwa kura ilipigwa miaka sita baadaye. Alipata habari kwamba baadhi ya vijana wa kiume wanapitishiana vitabu vya wakunga, wakivisoma kwa ucheshi mchafu na kuwatania wasichana kwa maneno ya aibu. Hawakuwa watoto wadogo. Wengi walikwisha kupita miaka 20, na baadhi yao walikuwa washiriki wa kanisa. Baada ya ibada mchungaji aliwaeleza wakubwa wa kanisa jambo hilo, nao wakakubali kwa moyo mmoja lichunguzwe. Mpaka hapo alikuwa na watu wote pamoja naye. Kisha akasoma kwa sauti orodha ya vijana watakaoitwa nyumbani kwake. Katika orodha hiyo walikuwamo washtakiwa, na walikuwamo pia wale waliotakiwa kama mashahidi tu, naye hakuwatenganisha. Karibu kila nyumba kubwa ya mji ilisikia jina la mtoto wake au la jamaa yake likitajwa. Hopkins asema kwamba kabla watu hawajafika makwao mji ulikuwa umekwisha kuwaka moto.

Hebu tusimame kidogo hapa. Kosa la vijana lilikuwa kosa kweli, na mchungaji anayefumba macho wasichana wakidhalilishwa si mchungaji. Lakini jina la mtu likisomwa hadharani halirudi tena kinywani lilimotoka. Kwetu sisi mwenye dhambi hupiga magoti mahali asikiwapo na sikio moja tu, na sikio hilo limetiwa muhuri. Sidhani, twasema kwa unyofu, kama sisi wakleri twaithamini hazina hiyo jinsi ipasavyo; twaweza kulinda siri ya kitubio kikamilifu kisha tukamtaja mtu katika mahubiri kwa mafumbo ambayo kanisa zima layafumbua.

Na upande wa wazazi je? Hesabuni miaka. Vijana wa mwaka 1744 ndio watoto na vijana wadogo wa mwaka 1735, waliokua katikati ya uamsho ule. Baba zao waliinua mikono kukubali uchunguzi, na baba hao hao waliposikia majina ya watoto wao waligeuka. Walitaka uovu ukomeshwe katika nyumba ya jirani. Kuanzia siku zile hata mwisho wa 1748, muda wa miaka minne na zaidi, hakutokea mtu hata mmoja wa kuomba kupokewa kuwa mshiriki kamili wa kanisa lile.

Katika ukimya huo mawazo ya Edwards yalikuwa yakikomaa. Miaka mingi alikuwa ameshuku desturi ya babu yake, na sasa, baada ya kuyachunguza Maandiko kwa muda mrefu, alisadiki kwamba ni kosa. Mwezi wa Juni 1748 alikufa mjomba wake, Kanali John Stoddard, hakimu na mtu mkubwa wa mkoa, aliyekuwa ngao yake katika mji. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikuja kijana mmoja kuomba kupokewa. Edwards akamwambia kwamba hatatosha kuwa na mwenendo mwema. Yampasa akiri kwa kinywa chake kwamba amwamini Kristo na kwamba amempa moyo wake. Kijana akafikiri, akakataa.

Mwezi wa Februari 1749 mchungaji alipoieleza halmashauri ya kanisa nia yake, ghasia zikaanza. Watu walisema kwamba ataka kuyahukumu mioyo, kutenga ngano na magugu kabla ya mavuno, kuwa Mungu. Kwa haki, hakudai hayo. Hakuuliza siku ya kuongoka, wala hakutaka hadithi ndefu; ungamo alilolitunga liwe mfano lilikuwa la maneno machache, ambalo Mkristo mnyofu aweza kulisema pasipo kutetemeka. Lakini watu waliona mbele zaidi ya maneno. Chini ya kanuni mpya, mzazi asiyekiri hivyo hangeweza kumleta mtoto wake kubatizwa. Ukiwa baba wa watoto wachanga, na mwenye kusimama mlangoni ni yule yule aliyemsoma mwanao hadharani mwaka 1744, swali la teolojia lageuka kuwa swali jingine.

Edwards aliomba jambo moja: asikilizwe kwanza. Alitaka aeleze sababu zake mimbarini, wakamkatalia. Akaandika kitabu, kikachapwa Boston mwaka 1749; wachache sana mjini walikisoma. Mwanzoni mwa 1750 akatangaza kwamba atafundisha habari hiyo siku za kazi. Wageni walikuja kutoka miji mingine kwa wingi, na wenyeji wakabaki makwao.

Hili ndilo lililotukalia moyoni kuliko yote. Pengine watu wa Northampton wangalimsikia wangalizidi kumpinga. Yawezekana pia kwamba Edwards alikuwa na haki katika nusu ya neno lake na amekosa katika nusu nyingine. Hawakupata kujua, kwa sababu hawakutaka kujua. Naye kwa upande wake alichelewa. Shaka yake aliificha kifuani miaka mingi akiwagawia watu Chakula cha Bwana kwa kanuni asiyoiamini. Siku alipoifunua aliifunua kama kanuni iliyokwisha kamilika, kwa watu waliokwisha kuacha kumwamini. Angalifundisha neno hilo mwaka 1736, mioyo ikiwa laini bado, yamkini habari ingalikuwa nyingine.

Wala tusidhani kwamba swali lenyewe ni la Wapuritani peke yao. Miaka 100 na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1643, padre Mfaransa Antoine Arnauld aliandika kitabu juu ya Komunyo ya mara kwa mara, akidai maandalizi makali hata waamini wengi wa Ufaransa wakaogopa kuikaribia altare. Kwa vizazi vingi Wakatoliki wema waliona kwamba kukaa mbali ndiyo heshima. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi ndiye aliyekata shauri kwa amri ya mwaka 1905: mwenye kuwa katika hali ya neema na mwenye nia njema asizuiwe, hata kila siku. Mwaka 1910 akawafungulia njia watoto wa miaka kama saba. Hapo twaona yote mawili aliyoyatafuta Stoddard na aliyoyatafuta Edwards: mlango ulio wazi, na dhamiri isiyocheza na mambo matakatifu. Lakini yatupasa kukubali kwamba kulishika moja bila kuliacha la pili ni kazi isiyokwisha. Kila Dominika, katika foleni ya Komunyo, wapo wasioogopa kitu, na wapo wanaobaki vitini kwa hofu isiyo na sababu.

Basi, tarehe 19 Juni 1750 likakutana baraza la wachungaji na wajumbe wa makanisa ya jirani, nusu waliochaguliwa na Edwards, nusu na wapinzani wake. Kanisa moja la upande wake halikuleta mjumbe. Baraza likauliza watu: mwataka mchungaji wenu aondolewe? Wanaume zaidi ya 200 wakasema ndiyo. 23 tu wakasimama naye. Wanawake hawakupiga kura, wala watumwa. Katika baraza lenyewe kura zilikuwa 10 kwa 9. Tarehe 22 Juni likatoa hukumu kwamba Edwards na kanisa lake waachane.

Msemaji mkuu wa watu mbele ya baraza alikuwa mwanasheria kijana wa miaka 26, hodari wa maneno, aliyemshambulia mchungaji kwa ukali. Ndiye Joseph Hawley, mtoto wa mama mdogo wa Edwards, yule aliyebaki yatima mwaka 1735. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini sisi hatuwezi kuyasoma mambo yake bila kumkumbuka mtoto wa miaka 11 aliyemzika baba yake katika mwaka ambao mji mzima ulikuwa ukiimba furaha.

Walioshuhudia siku zile waliandika kwamba Edwards hakuonyesha uchungu usoni. Mahubiri yake ya kuaga yamehifadhiwa. Hakuutetea upande wake. Alisema kwamba mchungaji na watu wake, hata wakiachana hapa duniani, wana siku moja ya kukutana tena, mbele ya Hakimu asiyedanganyika, na hapo itajulikana nani alitenda nini na kwa moyo gani. Kisha akasema na kila kundi kwa zamu: wenye imani, wasiojali, vijana, watoto wadogo. Wazazi aliwaambia kwamba kila familia ya Kikristo yapaswa kuwa kama kanisa dogo lililowekwa wakfu kwa Kristo, na kwamba malezi ya nyumbani yakikosekana, kazi ya mimbari haitafaulu. Wakatoliki watayatambua maneno hayo: Mtakatifu Yohane Krisostomo alifundisha vivyo hivyo katika karne ya 4, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 uliita familia kanisa la nyumbani. Mwisho akawaombea wapate mchungaji mwema, akashuka.

Lililofuata lina kichekesho chake. Mji haukupata mchungaji mwingine upesi, na kwa miezi kadhaa watu wale wale walimwita Edwards aje kuhubiri Dominika, mara kwa mara, kwa malipo ya siku. Naye alikwenda. Kuelekea mwisho wa mwaka mji ukapiga kura asiitwe tena.

Mwaka 1751 alihamia Stockbridge, mpakani, kuwahudumia Wahindi Wekundu wa kabila la Mohican na Wamohawk waliokuwa shuleni huko. Aliwahubiria kwa mkalimani, maneno mepesi, mifano ya mito na mashamba. Alipigana na jamaa za wakubwa waliokuwa wakiitumia vibaya shule ya wenyeji, na safari hii hakushindwa. Mwanawe mdogo, aliyeitwa Jonathan kama baba yake, alicheza na watoto wa Mohican hata lugha yao ikawa nyepesi kinywani mwake kuliko Kiingereza. Katika nyumba ile ya pembeni Edwards aliandika vitabu vyake vikubwa, kimojawapo juu ya uhuru wa utashi, kilichotoka mwaka 1754. Mwanzoni mwa 1758 alishika kazi ya mkuu wa chuo cha Princeton. Ndui ilikuwa imeingia, akakubali kuchanjwa ili awape wengine mfano, na chanjo ikamletea ugonjwa wenyewe. Alikufa tarehe 22 Machi 1758. Binti yake Esther alimfuata mwezi wa Aprili, na mkewe Sarah mwezi wa Oktoba.

Yule Joseph Hawley hakupata raha. Mwaka 1754 alimwandikia Edwards barua ya kukiri kosa lake. Edwards akamjibu kwamba amsamehe, lakini hakumpunguzia neno: hatia ni kubwa, tena si yake peke yake bali ya mji mzima, na jambo lililotendwa hadharani latakiwa kutubiwa hadharani. Jibu hilo ni kali, nasi tulipolisoma mara ya kwanza tulilichukia. Hawley alikaa nalo miaka sita. Mwaka 1760, Edwards akiwa amekwisha kulala kaburini miaka miwili, alichapa ungamo lake katika gazeti moja la Boston, mbele ya koloni zima, akataja alivyomtendea mchungaji wake na ndugu yake, wala hakutafuta udhuru.